Siku Niliyozima Kipaza Sauti

Mjukuu wangu Zaina,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Bibi yako hajambo, anapukuchua mahindi huku akinicheka kwamba hata barua naiandika kama nahutubia.

Unauliza kama ni usaliti kutunga muziki wa filamu kwa fidla na matarumbeta ya Kizungu. Enzi za Ujamaa, nilipokuwa kijana wa chama hapa Kwamsisi, ningekujibu kwa ukali. Gari la sinema lilikuja, tukaziba madirisha ya darasa kwa magunia, nikapewa kipaza sauti niwafafanulie watu filamu ya kigeni. Nilikwisha apa mbele ya kijiji kizima kwamba muziki ule wa wakoloni nitauzima kwa maneno yangu.

Katika filamu, mama mmoja alikuwa akimtafuta mwanawe kwenye mafuriko. Fidla zikaanza taratibu, nyingi mno, kama mvua inayokuja kutoka mbali. Nikapaza sauti: "Ndugu wananchi, hizi ni kelele za mabwana..."

"Hebu nyamaza wewe!" shangazi yangu akafoka. "Mama wa watu analia, wewe unatuletea mkutano!"

Watu wakacheka. Kisha matarumbeta yakapanda, ukuta ukatetemeka mgongoni mwangu, na kicheko kikakatika. Nikazima kipaza sauti, nikaketi sakafuni pamoja na wenzangu.

Tangu hapo nimebishana na wengi kuhusu ukoloni, wala sijutii. Lakini wewe tunga, Zaina. Ukimaliza, niletee nisikie. Nitakaa kimya.

Babu yako