Ng'ombe Aliyeuzwa Akiwa Amekwisha Kufa

Mbeya, Jumapili baada ya ibada

Mdogo wangu Elia,

Kabla ya neno lolote, niambie kifua cha mama kinaendeleaje tangu baridi ya Nyololo ianze, na kama shemeji yangu amejifungua salama. Mimi ni mzima. Magoti tu ndiyo yanayolalamika kila ninapopanda ngazi za boma la serikali.

Nimefurahi kusikia kwamba umechaguliwa kuwa mzee wa baraza. Unaniuliza ni nini kinachofanya mauziano yawe halali, kwa kuwa wenzako wanabishana: huyu anasema karatasi, yule mashahidi, mwingine kupeana mkono. Miaka yote hii nikiwa karani na mkalimani wa Bwana Shauri, yule afisa Mzungu wa wilaya, anaposikiliza rufaa, nilidhani jibu nalijua. Wiki hii nimeona kwamba nilikuwa nikilijua nusu.

Nusu yenyewe ni hii. Wanaouziana wawe watu wazima wenye akili timamu; mlevi asiyejua asemalo hauzi kitu. Wapatane kwa hiari, pasipo vitisho wala hila, na wote wawili wawe wanakusudia kitu kilekile. Bei ijulikane. Kitu kisiwe cha kukatazwa na sheria, na muuzaji awe na haki ya kukiuza. Karatasi ni kumbukumbu nzuri, lakini mara nyingi mauziano huwa yamekwisha kuzaliwa kabla kalamu haijashikwa.

Sasa sikiliza. Mzee Ambakisye wa Uyole alimuuzia kijana mmoja, Asajile, ng'ombe jike. Ng'ombe hakuwapo mbele yao. Desturi ya watu wa huku ni kwamba mtu haweki mifugo yake yote nyumbani. Huigawa kwa marafiki milimani, ili ugonjwa usiimalize kwa siku moja, na majirani wasiujue utajiri wake. Ng'ombe huyo alikuwa akitunzwa na rafiki yake, Mzee Ndele, mwendo wa nusu siku. Asajile alikwisha kumwona, akampenda. Alimtaka wa mahari. Basi mchana mmoja wakapatana hapo Uyole, kijana akatoa fedha zake zote, wakapeana mikono.

Kesho yake Ndele akashuka na ngozi begani, maana atunzaye ng'ombe wa mwenzake, akimfia, hana budi kupeleka ngozi kwa mwenyewe. Asajile akadai fedha zake. Ambakisye akamjibu, "Nilikwisha kukuuzia. Aliyekufa ni wako." Baraza la chini likamkubali Ambakisye, na kijana akakata rufaa.

Bwana Shauri hakuuliza karatasi wala mashahidi. Alisema, "Muulize Ndele, ng'ombe alikufa saa ngapi?"

Nikafasiri. Mtu mmoja nyuma akasema, "Lo! Alikuwa ng'ombe au basi la Iringa?" Watu wakacheka.

Bwana Shauri akaniagiza niwaeleze: ikiwa alikufa baada ya mapatano, hasara ni ya mnunuzi; ikiwa alikufa kabla, hapakuwa na cha kuuzwa. Kicheko kikakatika. Ndele akamtazama rafiki yake. Wamechunga pamoja tangu utotoni, na hapakuwa na mtu mwingine aliyeijua saa hiyo.

"Mbona unanitazama mimi?" Ambakisye akamwambia. "Mimi ndiye niliyemuua? Sema ilivyokuwa."

"Asubuhi ya siku ile mliyopatana," Ndele akasema. "Umande ulikuwa bado majanini."

Basi fedha zikaamriwa zirudi. Elia, hebu fikiri. Akili timamu, hiari, bei, haki ya kuuza, kila nilichokutajia kilikuwapo. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Hata hivyo, walipokuwa wakipeana mikono, kitu chenyewe hakikuwapo duniani, na sheria ikasema hapakuwa na mauziano. Tena hukumu yote ilisimama juu ya neno moja la mzee ambaye angeweza kumwokoa rafiki yake kwa uongo.

Nje, Asajile alipokea fedha zake akiwa amenuna. Wakwe wamempa muda mpaka mavuno tu.

"Usininunie, mwanangu," Ndele akamwambia. "Ninaye mtamba, mtoto wa yule marehemu. Rafiki yangu huyu alinipa kwa kumtunzia ng'ombe wake. Chukua kwa bei ileile."

"Yuko wapi?"

"Kwangu, mlimani."

"Basi twende, baba. Sitamki bei mpaka nimshike mkia!"

Ambakisye ndiye aliyecheka kuliko wote. Wakaondoka watatu pamoja, nami nikasimama barazani na faili mkononi, nikiwatazama mpaka wakapotea kwenye mteremko.

Kwa hiyo utakapoketi kwenye kiti chako kipya, kabla ya kuuliza waliandikiana nini, uliza kwanza kama kitu kilikuwapo.

Nisalimie baba mdogo, seremala wa misheni, na shangazi anayemuuguza mama. Mwalimu wetu wa zamani mwambie bado naandika kwa mkono aliounyoosha kwa fimbo.

Ni mimi kaka yako, ninayezeeka nikijifunza,

Lazaro