Simu ya Koleta mbele ya mizani

Yunusi, bado siamini.

Shangazi Koleta wa Nambilanje, yule aliyepunjwa ufuta mwaka juzi akaambiwa hana ushahidi, alikwenda Nachingwea kununua simu ya kupigia picha mizani. Muuzaji akamwambia, "Mama, kwa laki mbili chagua moja, kamera kali au betri ya kudumu." Akachagua kamera.

Leo alipanga foleni ghalani tangu alfajiri, kila mara akiiwasha kuhakikisha inapiga.

Zamu yake ilipofika, ikazima. Ikazima, Yunusi.

Karani akamngoja kwa makusudi. "Piga basi, mama. Mimi nimeshatabasamu."

Gunia la kilo tisini likasomwa themanini. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, sitasahau.

Shangazi akasaini kwa mkono mmoja. Wa pili bado ulikuwa umeielekeza simu kwenye mizani.