Jipu Lisiloiva

Sofu, Kibaha,
15 Juni 2025.

Huu ni mwaka wa arobaini na saba tangu niondoke nyumbani.

Mpendwa mdogo wangu Sikuzani,

Assalaam aleikum. Najua kabla hujaanza kusoma utakuwa umeshaiambia karatasi shikamoo, kwa hiyo marahaba. Hujambo? Vidole vyako vimepona ile ganzi ya wakati wa masika? Omary na mkewe wazima? Wajukuu wameachana na kikohozi? Idi mlikula nini? Sisi tulikula pilau ya binti yangu Fadhila, ambayo kila mwaka anasema safari hii ameipatia, na kila mwaka tunamkubalia.

Mimi ni mzima wa kuweza kushika kalamu. Habari kamili za afya yangu zimo humo mbele. Usiruke mistari kuzitafuta.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako ina masikio mengi. Ukiiweka sauti ya juu hapo uani, mimi nauliza, anajibu Omary, anacheka mkewe, na kuku nao wanachangia. Mambo ya mwilini hayasemwi hivyo. Barua nimempa binamu yetu Ashrafu, ambaye msimu huu analeta machungwa Mlandizi kutoka huko kwenu Kisarawe na kurudi na gari tupu. Nimemwambia akukabidhi mkononi. Nimeandika kwa herufi kubwa, kama zile za darasa lako la watu wazima, ili usome mwenyewe hata kama itakuchukua kutwa.

Nianze na maneno yako ya wiki iliyopita. Fadhila alikuuliza utakuja lini kupimwa ziwa. Ukacheka. Ukasema, "Mwambie baba yako arudi nyumbani kwanza. Akishusha mizigo yake hapa, kesho yake mimi nakwenda hiyo hospitali mnayoitaka." Nikaichukua simu nikakuuliza kama ni mzaha. Ukanijibu, "Kaka, wewe ulituaga unakwenda kufanya kazi msimu mmoja. Ni msimu wa nini huo usiokwisha, wa korosho au wa mawe?" Uani wote mkacheka, na mimi nikacheka. Simu ilipokatika sikucheka tena, kwa sababu nakujua. Hukuwa ukitania.

Umesema ni jipu. Limekaa kwenye ziwa la kushoto tangu mavuno ya korosho, likianza kama punje ya kunde, na sasa ni kubwa kama korosho yenyewe na ganda lake. Halina joto, haliumi, halitoi usaha. Umelibandika majani, umelibandika kitunguu cha kuchoma, umelingoja liive. Sikuzani, jipu lina tabia yake. Linakuja na homa, linapwita, linaiva, linapasuka, linakwisha. Jipu lisiloiva si jipu. Na hali hiyo ya kutouma, ambayo wewe umeifanya shahidi wako, ndiyo inayonitia hofu. Mimi si daktari, na siwezi kusema ni saratani. Huenda ni uvimbe usio na madhara. Wanawake wengi wanao wa namna hiyo na wanaishi nao. Lakini wa kulisema hilo ni mtu mwenye vipimo. Majani hayawezi.

Najua jibu lako: Dada Maua. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, akapigwa kisu, akaletwa nyumbani ndani ya sanda. Tangu siku ile neno la kijijini ni moja, kwamba ugonjwa huu hautaki kisu, ukiguswa unatawanyika. Mimi ndiye niliyekaa naye wodini. Alipofika, ziwa lilikuwa limeshafunguka kidonda, na kwapani kumejaa mafundo. Alikuwa amelingoja liive kwa miaka miwili. Kisu kilimkuta ameshachelewa, na sisi tuliobaki tukakilaumu kisu kwa kuwa ndicho tulichokiona mwisho.

Unaijua tabia yangu ya kusoma. Tangu nistaafu kazi ya maktaba, gazeti nalisoma mpaka matangazo ya tanzia. Mwaka huu nilisoma makala juu ya watafiti wa nchi ya mbali waliolinganisha vifo vya saratani katika wilaya za mashamba na wilaya za mijini. Kote kote vinapungua, lakini mashambani vinapungua polepole, kwa hiyo pengo kati ya watu wa mjini na watu wa shamba linazidi kupanuka. Sababu zilizotajwa ningeweza kuziandika mwenyewe nikiwa nimekaa juu ya mkeka wako. Hospitali iko mbali; mtu anachelewa kupimwa; akianza dawa, safari inamchosha na anaikatiza.

Nikataka kujua kwetu ikoje, kati ya Kibaha na Kisarawe. Sikuiona hesabu hiyo popote nilipotafuta. Nikaanza kuwataja watu kichwani. Hapa Sofu nikawapata kadhaa, akiwemo Mwalimu Hashiru wa nyumba ya pili kutoka kwangu, aliyekufa kwa saratani ya koo. Huko kwetu sikumpata mtu ila Dada Maua. Kwa kitambo nikaamini kweli shamba ni salama, kuna hewa safi na mihogo. Halafu nikamkumbuka Mzee Matano, aliyekufa kwa "tumbo" akiwa amekonda kama ufito. Nikamkumbuka Bi Mwanamkuu, aliyetokwa na damu miaka mingi baada ya kukoma hedhi, wakampa dawa za chango mpaka wakamzika. Nani aliandika walikufa kwa nini? Tulisema tumbo, tukasema chango, tukasoma hitima, tukarudi kupalilia. Mjini saratani inaonekana nyingi kwa sababu ina jina. Kwetu inaua kwa majina ya magonjwa mengine.

Jirani yangu Margareth, mama wa Kihaya mwenye genge la mboga, alikatwa ziwa moja miaka sita iliyopita. Nilimgusia habari zako, unisamehe, ni mtu anayetunza siri. Akasema, "Mzee Isihaka, mwambie huyo dada yako mimi ninalo moja, na sokoni nagombana kama mwenye manne." Lakini hakunificha. Anasema wakati wa dawa alitapika mpaka akamchukia mumewe bila kosa. Nywele zilimtoka zote, zikaota nyingine laini, na mpaka leo anadai za kwanza zilikuwa nzuri zaidi. Aliniambia nikuandikie kwamba ni kazi ngumu na ina mwisho.

Sasa habari zangu. Mwaka juzi mkojo ulinisumbua, nikapimwa, ikaonekana ni saratani ya tezi dume. Nilikuwa nangoja niwe na la uhakika ndipo niwaambieni, na sasa ninalo. Daktari hakuzunguka: imeshagusa mfupa wa nyonga, haiwezi kuondolewa, ila inaweza kushikwa. Kila miezi mitatu nadungwa sindano ya kuishika. Basi nimekuwa kama mbuzi aliyefungwa malishoni. Anakula, anatembea, anaweza hata kusahau kama amefungwa, mpaka kamba inyooke. Kigingi changu kiko hospitali. Kamba inafika dukani, inafika msikitini siku njema, na inafika kwenye kiti changu cha barazani. Haifiki kwenu. Ile barabara ya kutoka Kisarawe kuingia ndani, mnayoisifu kwa kuwa pikipiki inapita, nimekatazwa hata kuisogelea. Nikirushwa kwenye shimo moja, nyonga inavunjika kama muhogo mkavu. Na nikishafika, nani atanidunga sindano huko?

Natembea kwa fimbo. Kutoka kitandani mpaka barazani ni safari yenye vituo. Nilipojenga hapa, kiti changu kilitazama mikorosho na bonde lote la chini. Sasa watu wamejenga mbele, kushoto na kulia, kila mmoja na ukuta wake, na mimi natazama bati la jirani. Mvua ikinyesha sisikii hata redio. Sinung'uniki, bati hilo hilo ndilo lililo karibu na hospitali. Nakueleza tu ninakokaa, ili usidhani kaka yako amekataa nyumbani kwa sababu ya raha.

Na huko nyumbani unakoniitia, Sikuzani, sikuzaliwa hapo. Nilizaliwa kule bondeni, kabla hatujahamishiwa barabarani mwaka wa sabini na nne. Wewe ulikuwa mdogo, huenda unakumbuka tu vumbi la lori na mama akilia juu ya kinu chake. Mimi nakumbuka kila mti. Nikiota nyumbani, naota kule, palipobaki vichaka. Kijiji cha barabarani nilikaa miaka minne tu, na Kibaha arobaini na saba, na pote pawili watu huniuliza kwetu ni wapi.

Fadhila aliponiona naandika alisema, "Baba, mwambie tu ndiyo, utarudi. Akishafika hapa, amefika." Ashrafu naye akaongeza, "Kaka, uongo wa kuokoa mtu una thawabu." Nikamuuliza amesoma chuo gani, akasema chuo cha machungwa. Tukacheka, lakini maneno yao nimekaa nayo tangu juzi, na yana nguvu. Nikisema ndiyo, wiki ijayo uko hapa. Nikisema hapana, huenda ukashika neno lako na ukabaki na jipu lako, nami najua lilikompeleka Dada Maua.

Nimebanwa kila upande. Nikirudi kweli, nitakufa mbele ya macho yenu, na wewe utasema, "Unaona, hata waliokwenda hospitali wanakufa." Nikikudanganya, utakuja, utaiona fimbo, utaelewa kabla hujamaliza chai. Ukishajua nimekudanganya juu ya kurudi, hutaniamini nikikwambia dawa bado haijatimia. Utafunga kanga zako uondoke katikati, na dawa iliyoachwa katikati haina faida. Ukweli unaweza kukuzuia usije. Uongo unaweza kukuleta na kukuondoa. Nimeuchagua ukweli, na sina hakika kama nimechagua vizuri.

Ningeweza pia kumwamuru Omary. Mimi ni mjomba wake, na kwetu mjomba akishasema, mpwa hana mlango wa kutokea. Angekubeba hata kwa machela, wewe unamtukana njia nzima. Sitafanya hivyo. Mwili ni wako, na wewe ndiye utakayelala wodini.

Ninalokuomba ni uyaondoe masharti. Njoo kwa ajili ya ziwa lako, bila kulipima na mizigo yangu. Ashrafu atakuja tena Alhamisi na machungwa. Panda naye, ukae mbele. Fadhila ameshaomba ruhusa kazini, atakupeleka hospitali yeye, na kama watasema mwende Dar, atakwenda nawe. Kitanda kimetandikwa chumba cha uani, mbali na redio yangu. Mikorosho ataipulizia dawa ya salfa Omary. Amekuona ukifanya tangu anatambaa. Kuku wape jirani yako Bi Tatu, ambaye najua mmenuniana, lakini kuku hawahusiki.

Siwezi kukuahidi kupona. Mwalimu Hashiru aliishi karibu na hospitali kuliko wengi ninaowajua, na tulimzika. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba utalijua jina la kitu ulichonacho mapema kuliko alivyolijua Dada Maua, na kwamba siku utakapoambiwa, utakuwa umekaa na mtu wa kwenu. Vipimo vikisema si kitu, utanicheka mpaka Idi ijayo, na nitakuandalia mkeka wa kunichekea.

Nisalimie Omary na mkewe, na umwambie Omary simlaumu kwa kukaa kimya. Mtoto wa kiume hajui namna ya kumsemesha mama yake habari za ziwa. Nisalimie Sada mjukuu wako, nasikia anaongoza darasa. Bi Tatu mpe salamu zangu hata kama hamsemeshani, apelekewe na mtoto. Fadhila anakusalimu sana, na Margareth naye, ambaye tayari anakuita wifi.

Mwenyezi Mungu akulainishie moyo, akukaushie njia, akupe utulivu wa kusikia utakaloambiwa, lolote litakalokuwa. Amin.

Uliniuliza mbele ya watu, nami nakujibu wewe peke yako. Nimeshawaambia wanangu kwamba nitakufa hapa Kibaha, na hapa hapa watanizika. Ukija au usipokuja, jibu langu halibadiliki. Sitarudi nyumbani.

Kaka yako akupendaye,
Isihaka