Bawa la Mtungi Mmoja

Mama, shikamoo.

Bado nasikia hewa ikibubujika mgongoni mwangu, chini ya maji ya bwawa la machimbo hapa Kisarawe. Ulinishauri nichague bawa kubwa, yaani mfuko wa hewa unaombeba mpiga mbizi, ili siku nikianza kubeba mitungi miwili ya hewa ya kupumulia lisije likanipungukia. Ndivyo ulivyotununulia sare za shule, tukulie ndani yake. Leo nililijaribu na mtungi mmoja. Likajikunja kuuzunguka, hewa ikanaswa upande mmoja, nikalalia ubavu kama bodaboda iliyofungwa vibaya gunia la mkaa.

Nilipoibuka, mwalimu wetu Hamisi akaniuliza, "Dada, umelivaa au limekuvaa?"

Nikajaribu dogo. Nilitulia katikati ya maji bila kuhangaika, na kwa mara ya kwanza nikaamini mtihani wa kesho wa kupiga mbizi nitaufaulu. Baadaye tulikula mihogo ya Masaki ya huku huku Kisarawe, na pilipili, manyunyu yakitulowesha.

Siku ya mitungi miwili nitatafuta jingine, hili halitaiweza. Usininunie, Mama. Mungu awatunze wote hapo Sofu. Kubwa nimeshamrudishia mwalimu anayetuuzia, na dogo nimelinunua nikaliandika jina langu kwa wino usiofutika.

Mwanao, Rehema