Siku Mbili Kyondo na Ilunga

Siku ya ine, tarehe 9 mwezi wa kumi

Sindano imekatika tena. Blauzi tatu za kwaya zimekwisha, ya nne bado mikono. Mvua tangu asubuhi, Butembo yote ni tope.

Ilunga amepiga simu saa sita. Kesho anashuka kutoka Beni. Anataka twende Kyondo, siku mbili tu, kutembea. Masista wana nyumba ya wageni. Vyumba viwili, amekwisha kuuliza. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza.

Nina miaka hamsini na mitatu. Uzi hauingii kwenye tundu la sindano mpya.

Furaha nimemwambia naenda mafungo ya sala. Binti yangu ana miaka ishirini na sita na bado namdanganya. Amenifungia mkate na soksi nzito. Ameniomba nimkumbuke mbele ya Mungu. Aibu.

Siku ya tano, tarehe 10

Kyondo. Baridi inaingia mpaka kwenye meno.

Tumepanda na pikipiki mbili, yeye mbele, mimi nyuma mbali kidogo, ili watu wasituone pamoja. Wazo langu. Amelikubali.

Mji mdogo, mzuri kupita nilivyoukumbuka. Nyumba za matofali mekundu za wakati wa mapadri wa kwanza, kuta nene, vigae vyenye ukungu wa kijani, mikalitusi imejipanga njiani. Ngazi za kanisa zimelika katikati kwa miguu ya watu. Ukifika ukingoni, kilima kinakatika, na chini kabisa unaona bonde lote, la bluu.

Ilunga anamsalimia kila mtu kwa Kinande. Anajua neno moja, *wavukire*, nalo ni la asubuhi. Analitumia hata saa kumi. Wamama wa sokoni wanacheka, naye anacheka nao.

Miaka kumi na minne anapima viwanja vya serikali Beni, mtu wa Katanga, mke wake alikufa hukohuko kwao. Miaka mitatu iliyopita aliingia kwenye atelier yangu ya kushona apunguziwe koti. Koti moja, alirudi mara tano. Mara ya tano nilielewa.

Jioni, mezani kwa masista, ametoa barua. Wakubwa wake wanamrudisha Lubumbashi, kama anataka. Akikataa, anabaki Beni mpaka pension. Jibu ni siku ya kwanza, tarehe 13.

Amesema, "Mama Furaha, hapana kunionea huruma. Unaniambia tu kama niko na nafasi."

Nimekunywa supu mpaka imekwisha. Mimi ni mwoga.

Siku ya posho, tarehe 11

Asubuhi nzuri kuliko zote za mwaka huu. Niandike hiyo kwanza.

Tumezunguka nyumba za zamani. Yeye anapima kila kitu kwa hatua, hawezi kujizuia. Nyuma ya shule amenionyesha tofali lenye alama ya kidole. Mtu alilishika kabla halijachomwa, na kidole kimebaki. Ameniambia niweke changu. Kimeingia sawasawa. Alikuwa karibu, alinukia sabuni na moshi wa kuni. Nilitaka kumwambia ndiyo palepale.

Badala yake tumeenda sokoni kununua vitunguu majani.

Hapo ndipo tumekutana na Paluku. Kaka mkubwa wa marehemu mume wangu Kambale, baba wa watoto wangu; namwita Yaya, yaani kaka. Nilidhani bado anaishi Kalunguta. Kumbe wamehamia hapa tangu vita iwafukuze shambani.

"Mama Furaha! Unafanya nini huku? Na huyu baba ni nani?"

Kinywa changu kimesema chenyewe: "Ni mugeni ya masista, Yaya. Tumekutana tu hapa njiani."

Ilunga amenyoosha mkono. "Bonjour, Papa." Sauti ya kawaida kabisa.

Tumerudi. Amebeba kikapu changu njia nzima. Getini amenirudishia, amesema, "Mugeni ya masista. Sawa." Bila hasira. Bora angekasirika.

Hakuja kula. Sista ameuliza kama mwenzangu anaumwa. Nimesema sijui.

Nilimkana mtu mbele ya rundo la vitunguu. Miaka minane nimekaa mjane wa mfano, kila mtu ananisifu, na leo nimeona ninachokilinda ni sifa tu. Najichukia.

Siku ya Mungu, tarehe 12

Misa ya kwanza. Alikaa benchi la mwisho, begi lake tayari miguuni. Sikusikia hata mahubiri.

Mlangoni nimemshika mkono wa koti. Mbele ya watu wote.

"Twende."

"Wapi?"

"Kwa Paluku."

Tumeuliza njia mara mbili. Nyumba ndogo ya miti na udongo, viazi vimeanikwa uani. Paluku alikuwa bado na shati la kanisa. Mke wake ametuletea viti. Sikukaa. Ningekaa ningeogopa tena.

"Yaya, jana nilikudanganya. Huyu hapana mugeni ya masista. Anaitwa Ilunga. Anataka kunioa, na mimi ninamutaka."

Mke wa Paluku amechukua beseni, ametoka nje. Hakurudi. Alimpenda sana Kambale, nami nilimpenda pia. Simlaumu.

Paluku amefungua kifungo cha juu cha shati. Halafu:

"Ndugu yangu alikufa tangu myaka munane. Kama ulikuwa unangojea nikukatalie, ulingojea bure. Lakini nyumba ya Butembo ni ya batoto ya Kambale. Siku unaolewa, unaitoka."

"Ninajua, Yaya."

Amegeuka kwa Ilunga. "Umesikia?"

"Nimesikia, Papa. Parcelle, viwanja ya bantu, ninapimaka kila siku. Yangu nitajenga."

Paluku amecheka kidogo, bila kutaka. Ametumiminia *kasikisi*, ile pombe yetu ya ndizi. Ilunga amekunywa, machozi yamemtoka, ameomba nyingine.

Kurudi, tumepanda pikipiki moja. Nimelia mgongoni kwake mpaka Butembo. Nililia nyumba, si Kambale, niandike ukweli. Tulinunua bati moja moja. Dirisha la jikoni nililichagua mimi, kwa ajili ya mwanga wa kushonea. Nitaliacha.

Hakuniambia ninyamaze. Tulipofika amenishusha, akaniita Kahindo, jina langu la kuzaliwa. Hakuna mtu aliyeniita hivyo tangu mama yangu.

Siku ya kwanza, tarehe 13

Ilunga ametuma ujumbe saa tatu: jibu la Lubumbashi amelipeleka. Anabaki. Sekretari amemuuliza mara mbili kama amesoma barua vizuri.

Blauzi ya nne imekwisha. Kwaya wameichukua.

Mchana Furaha alikuwa anapiga pasi. Nimemwambia yote, nimesimama mlangoni. Uongo wa mafungo, Ilunga, baba yake mkubwa, nyumba. Hakuinua kichwa. Amepiga pasi shati, akalikunja. Jingine, akalikunja. Nimesikia mvua ikianza na kuacha.

Halafu ameuliza, "Anakulaka pilipili?"

"Anakulaka."

"Atakuya siku gani?"

Nimesema siku ya Mungu.

Ameweka pasi pembeni, amejifunga kitambaa kichwani, ameenda kwa jirani kuulizia kuku.