Pancake ya kwenye feni

Chebet, usicheke. Nimemchapa Bimdogo mkono. Yule jirani yangu Mzanzibari, mama wa watu! Nimemchapa!

Si unajua mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zinaanza siku moja? Sasa leo Jumanne nakaanga pancake zangu za mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, nasikia hodi. Bimdogo na sufuria ya pilau: "Jackie, tuvunje jungu, kesho nafunga."

Nikamwambia hata mimi kesho nafunga! Tulicheka mpaka tukashikana. Nikampa pancake ya moto.

Imefika mdomoni ndio nakumbuka. KIKAANGO. Asubuhi nilikaangia bacon, nikakipangusa na tishu tu!

Nikapiga yowe. Nikachapa ule mkono. Pancake ikaruka, ikanata kwenye feni ya dari.

Nikamweleza. Akainuka, akatoka. Chebet, nilijua jirani nimeshampoteza.

Dakika mbili hazijaisha, hodi tena. Bimdogo, na kikaango chake mkononi:

"Pika upya. Hiki na nguruwe hawajuani."

Tumekula kumi na nane. Ile nyingine bado iko kwenye feni, na hakuna anayethubutu kuiwasha.