Nilimuua Mdogo Wangu kwa Mwendo wa Mia Sita

Bi Zubeda, shikamoo. Mie ni msomaji wako wa Ukonga, mtu mzima mwenye mke na kazi ya ukarani, na naomba msaada nikijua kabisa kwamba utaanza kwa kunicheka. Cheka tu, lakini ukimaliza nisaidie, maana nimefika pabaya.

Mie na mdogo wangu Daniel tunapenda gemu za magari. Kushinda mashindano hatuna habari nako, ugonjwa wetu sie ni mwendo. Kuna yale magari ya maonyesho ambayo kampuni huyachora ili watu washangae, barabarani huyaoni hata siku moja, ila kwenye gemu yapo na unayaendesha, basi kila Jumamosi tulikuwa tunakwenda kibanda cha gemu hapa mtaani kulihangaikia moja, mara turefushe gia, mara tushushe bodi, mara tung'oe lile bawa la nyuma. Kuna barabara moja humo imenyooka kando ya bahari, tuliibatiza Kimbiji, hapo Daniel anatangulia na gari lake kukata upepo, mie nang'ang'ania nyuma yake, karibu na mwisho ndipo nachomoka. Tuliitafuta mia sita, yaani kilomita mia sita kwa saa, miezi na miezi, Bi Zubeda, tunaikaribia tu, gari linapaa, linabiringika, tunaanza upya.

Jumamosi moja mchana tukaipata. Nilipochomoka, Daniel alikosa kona ya mwisho akagonga ukingo, na kwetu anayegonga tunasema kafa, lakini mie namba ikasoma mia sita. Machozi ya furaha yakanitoka, nikashika simu nikawatumia wenzetu wa gemu voisi, pumzi inakatika, nikasema, "Jamani, Daniel kafa. Mia sita, Kimbiji. Gari halitamaniki." Hapo hapo bando likaisha, nikaizima sauti simu, nikaitia mfukoni, tukaendelea kucheza.

Sasa grupu la gemu linaitwa Familia ya Mwendo, na la ukoo linaitwa Familia Yetu. Nadhani umeshajua voisi ilikwenda wapi. Tena Daniel ni fundi ujenzi, siku hizo kweli alikuwa na nyumba anaijenga Kimbiji, na huwa anakwenda na pikipiki, simu yake nayo ilikuwa imezima chaji, na ile "mia sita" ukoo mzima ukaisikia "saa sita".

Jioni tukaenda kwa shangazi yetu Tupokigwe, Temeke, kula kama kawaida yetu. Tukakuta makochi yako nje, kina mama wamekaa kwenye mikeka, vijana wanafunga turubai. Daniel akavua viatu, akapita kati ya watu kwa adabu zote, akainama mbele ya shangazi. "Shikamoo shangazi. Poleni sana. Nani katutoka?"

Shangazi akaanguka pale pale. Mama yetu yuko Tukuyu, habari ilimkuta kwenye shamba la chai, nasikia walimbeba kumrudisha nyumbani. Alipohakikishiwa kwa simu kwamba Daniel mzima alisema neno moja tu, kwamba aliyemuua mwanawe kwa mdomo asikanyage uwanja wake.

Hilo neno ndilo lililonimaliza. Kila mtu akanigeukia mie na sauti yangu, nikaogopa, nikasema siyo mie, siku hizi watu wanatengeneza sauti ya mtu kwa mitambo. Shangazi, alipozinduka, akauliza nani mwingine aliyewahi kuishika simu yangu. Binamu yetu Lusungu ni fundi simu huko huko Temeke, wiki ile alikuwa amenibadilishia kioo. Sikumtaja, Bi Zubeda, walimtaja wao, ila mie nikanyamaza. Daniel alinikanyaga mguu ili niseme, sikusema, na tulipotoka aliniambia, braza, hili ni lako, mie sitakusemea.

Tangu hapo Lusungu ametolewa kwenye grupu, wateja wa mtaani kwake wanasema fundi yule anachezea simu za watu, na Jumapili ijayo ukoo unakaa kikao juu yake, mama anapanda basi kuja. Juzi Lusungu alinifuata kazini, akasimama getini, akasema, "Braza, wewe unajua siyo mie. Au na wewe hujui?" Nikamwambia nina kazi nyingi, tutaongea.

Najuta hadi chakula hakipiti. Nataka kusema ukweli lakini mama ana presha, naogopa nikisema nitampoteza kweli. Nifanye nini?

Dereva wa Mia Sita, Ukonga

Bi Zubeda anajibu:

Marahaba, mwanangu. Nimecheka, tena pale kwa "nani katutoka" niliweka kalamu chini. Halafu nimefika kwa Lusungu na kicheko kimeniishia. Majina yenu nimeyabadilisha, ila wenyewe mtajijua.

Pole kwa fadhaa. Voisi kupotea njia ni ajali, na kila mwenye simu imeshamkuta. Ungesema siku ile ile, mbele ya ile mikeka, ungetukanwa, ungechekwa, makochi yangerudishwa ndani na mngekula. Leo ingekuwa hadithi ya kukutania kwenye harusi. Wewe mtu wa kulisukuma gari la kuchorwa hadi mia sita umeshindwa kutoa neno moja mdomoni.

Na hiyo presha ya mama yako iache, usijifichie humo. Mama amesikia mwanawe kafa na bado yu hai. Atamudu kusikia kwamba mwanawe mwingine ni mwoga. Asichoweza kumudu ni kuketi kwenye kikao, amhukumu mtoto wa watu asiye na kosa, halafu aujue ukweli baadaye. Maana ataujua. Daniel anajua, wenzenu wa kibandani wanajua, na njia ya mwongo ni fupi.

Usingoje Jumapili. Shika simu, rekodi voisi kwa sauti ile ile, useme lilivyokuwa: gemu, gari, mia sita, na woga wako. Usiandike, maana ukoo ulimlilia Daniel kwa sauti yako, na kwa sauti yako wamsafishe Lusungu. Tuma Familia Yetu, na safari hii soma jina la grupu kabla hujaachia kidole. Siku mama anafika, nenda stendi na Daniel. Daniel atangulie amshike, wewe ukae nyuma kama ulivyozoea, kisha utoke uombe radhi. Akikukataza uwanja wake, kubali. Mama hukasirika, lakini uwanja ni wa wanawe.

Ila kabla ya hayo yote kuna mtu mmoja. Daniel ulimuua kwa bahati mbaya, na jioni ile ile alikuwa amesimama kwa shangazi yake. Lusungu unamuua kwa kujua, na mpaka leo hakuna aliyemfungia turubai. Gemu sikukatazi, ila Jumamosi hii kibanda kipite. Nenda Temeke kwenye meza yake ya kazi, wateja wakiwepo, na usianze na habari za gia na upepo. Alikuuliza kama unajua siyo yeye. Mwambie unajua.